Barua ya wazi kwa wadhamini wa shule zetu kuhusu uchaguzi wa Mei

Kwa: Rais na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini wa Shule za Wilaya
Nakala: Mkurugenzi Mkuu wa Shule za Wilaya, Msimamizi wa Uchaguzi wa Kaunti

YAH: UENDESHAJI WA UCHAGUZI WA WADHAMINI NA USHIRIKI WA WAZAZI WANAOZUNGUMZA KISWAHILI

Waheshimiwa Wadhamini,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wazazi wenye watoto katika shule zenu, tunaokaa kwenye nyumba za kupanga zilizo kusini mwa barabara kuu, katika kiunga hiki cha jiji la Dallas. Wengi wetu tulitoka Kivu Kusini na Tanganyika, mashariki mwa Kongo, tukapitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale kabla ya kufika Texas. Wachache ni Watanzania na Wakenya waliokuja kwa masomo, kwa kazi au kwa bahati nasibu ya viza. Sheria ya nchi hii inamruhusu mkimbizi kuomba uraia baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, ambao kwake huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, na kwa sababu hiyo waliokwisha kula kiapo miongoni mwetu wanaongezeka mwaka hadi mwaka. Hatuji kwenu, basi, kama wageni wanaoomba fadhila. Tunakuja kama raia, walipa kodi na wapiga kura, na jambo letu ni moja: uchaguzi wa bodi yenu unaendeshwa kana kwamba hatumo katika daftari.

Kabla ya kuandika hadharani tulifuata njia za ndani. Tuliandika barua pepe kwa ofisi ya bodi, tukajibiwa kwamba ujumbe umepokelewa. Tuliomba kuonana na afisa wa mawasiliano, akatusikiliza kwa adabu na kuahidi kulifikisha suala letu kikaoni. Tuliuliza tena baada ya kikao hicho, na hapo majibu yakakoma. Uchaguzi wa Mei ukaja, ukapita. Barua hii inatolewa kwa Kiswahili ili wenzetu waisome wenyewe bila kusimuliwa, na tafsiri yake ya Kiingereza imekabidhiwa kwa katibu wa bodi, kwa hiyo hakuna atakayesema hakuelewa.

Mtatuwia radhi kwa aya inayofuata, kwa kuwa haya mnayajua; tunayasema kwa ajili ya wazazi wenzetu. Mtu aliyezoea kamati ya shule ya kule tulikotoka, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya michango ya madawati na kumwita mzazi wa mtoto mtoro, anaweza kudhani kwamba hii nayo ni kamati ya namna hiyo. Sivyo. Wadhamini hawa saba, ambao hawalipwi mshahara, ndio wanaomwajiri na kumwachisha kazi Mkurugenzi Mkuu, wanaopitisha bajeti, wanaopanga kiwango cha kodi ya majengo inayokwenda shuleni, wanaochora mipaka inayoamua mtoto wa mtaa gani asome wapi, na wanaoamua basi lipite wapi. Kodi hiyo tunailipa hata sisi tusio na nyumba, maana mwenye jengo huiingiza ndani ya pango. Na walipoondoa basi kwa watoto wanaokaa chini ya maili mbili kutoka shuleni, ni watoto wetu walioanza kutembea kando ya barabara ya njia sita, asubuhi za Desemba kukiwa bado giza. Tunakubali kwamba ruzuku ya usafiri ya jimbo humlenga hasa mtoto anayekaa maili mbili au zaidi, na tunajua kwamba kiasi cha msingi ambacho jimbo hutoa kwa kila mwanafunzi kilibaki dola 6,160 tangu 2019 hadi 2025, kilipoongezwa dola 55 tu. Bodi ilibanwa. Lakini uamuzi ulipitishwa bila mzazi hata mmoja wa majengo yetu kusikika hadi mwisho, na sababu za kutosikika kwake ndizo hoja tunazoziorodhesha hapa.

1. Muda wa anayezungumza kupitia mkalimani

Katika kikao kilichojadili mabasi, mama mmoja wa kwetu alijiandikisha kuzungumza kama utaratibu unavyotaka. Alikuwa na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono pande zote mbili, na mwanawe wa darasa la kumi akasimama kando yake ili atafsiri. Alisalimu, mtoto akatafsiri. Alitaja jengo analokaa na idadi ya watoto wanaovuka pale, mtoto akatafsiri. Alipogeuza karatasi upande wa pili ili aeleze jinsi taa ya kuvukia isivyompa mtoto wa chekechea muda wa kufika ng'ambo, kengele ikalia, kipaza sauti kikazimwa, akashukuriwa na kuombwa akae. Nusu ya dakika zake tatu ilikuwa imeliwa na tafsiri.

Waheshimiwa, Sheria ya Vikao vya Wazi ya Texas, kwa nyongeza iliyopitishwa mwaka 2019 na ambayo imo katika kifungu cha 551.007 cha Kanuni za Serikali, inaagiza kwamba anayezungumza kupitia mkalimani apewe angalau muda mara mbili ya ule wanaopewa wengine, isipokuwa pale ambapo chombo husika kinatumia mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Ninyi hamna mitambo hiyo. Mama yule alistahili dakika sita. Tulipolalamika tuliambiwa kwamba kila msemaji hupewa dakika tatu bila upendeleo, na jibu hilo lilitushangaza kuliko kengele yenyewe, kwa sababu sheria hii ndiyo inayotawala kila kikao mnachokifungua, na mwanasheria wa bodi alikuwa ameketi mezani. Tuongeze pia kwamba watoto wetu tayari ni wakalimani wa hospitali, wa benki na wa mwenye nyumba. Kuwabebesha na mabishano ya bajeti ya wilaya mbele ya kamera ni kuwaonea.

2. Mpiga kura kunyimwa msaidizi aliyemchagua

Siku ya uchaguzi mzee mmoja alifika kituoni na jirani yake ili amsomee karatasi ya kura. Karani akamwambia kwamba msaidizi lazima awe ndugu wa familia. Mzee huyo, ambaye miaka yake yote ya kambini ilimfundisha kutobishana na mtu aliyeketi nyuma ya meza, aligeuka akarudi nyumbani.

Sharti hilo la undugu halimo katika sheria yoyote. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya Marekani, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa mpiga kura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu au kutoweza kusoma au kuandika haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye mwenyewe. Wanaozuiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, na afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Texas ilijaribu kuongeza sharti lake kwamba mkalimani awe amejiandikisha kupiga kura katika kaunti hiyohiyo, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, mahakama ya serikali kuu ambayo Texas iko chini yake, ikaamua kwamba sharti hilo linapingana na kifungu hicho. Kesi hiyo ilizaliwa katika kaunti ya Williamson, viungani mwa Austin, baada ya mama mmoja mpiga kura kukataliwa asitafsiriwe na mwanawe wa kumzaa. Tunaitaja ili ionekane kwamba jambo hili limekwisha kuamuliwa, na kwamba kosa la karani wetu si la kutafsiri sheria ngumu bali la kutofundishwa sheria rahisi.

3. Siku, saa na mahali

Uchaguzi hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei, na vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku. Hatuwaombi mbadilishe tarehe, kwa sababu tarehe hizo zimewekwa na sheria ya jimbo. Tunawaomba mtazame nani anaachwa nje na tarehe hiyo. Sehemu kubwa ya watu wetu hufanya kazi kwenye maghala ya mizigo, ambako zamu ya Jumamosi ni ya saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na atokaye huko ana muda wa kufika kituoni iwapo tu ana gari na barabara imekubali. Wapo pia Wasabato miongoni mwetu, na si wachache, ambao Jumamosi hawaendi kwenye shughuli za namna hiyo hadi jua lizame, na jua la Mei huku huzama vituo vikiwa vimeshafungwa.

Kwa watu hawa wote kura ya mapema si suala la urahisi. Ndiyo kura pekee waliyo nayo. Mei iliyopita ilifunguliwa siku ya 12 kabla ya uchaguzi na kufungwa siku ya 4 kabla, na kituo kilichokuwa karibu nasi kuliko vingine kilikuwa makao makuu ya wilaya, kaskazini kabisa, mahali ambapo hakuna basi la abiria linalofika. Kuna shule ya msingi katikati ya majengo yetu yenye ukumbi, maegesho na njia ya viti vya magurudumu. Ukumbi huo ulikuwa umefungwa kwa kufuli siku zote hizo.

4. Vijana wetu waliofikisha miaka 18

Sheria ya uchaguzi ya Texas inawataka wakuu wa shule za sekondari wawagawie wanafunzi wenye sifa fomu za kujiandikisha kupiga kura angalau mara mbili kwa mwaka wa masomo, na fomu hiyo inaweza kupelekwa mara kijana anapofikisha miaka 17 na miezi 10. Watoto wetu waliomaliza shule mwaka huu wanasema hawakumbuki kuiona. Kuna utata zaidi kwao, ambao mshauri wa shule anayejali angeweza kuutatua kwa mazungumzo mafupi: kijana aliyezaliwa Nyarugusu, ambaye mzazi wake alipata uraia kabla yeye hajafikisha miaka 18 akiwa anaishi naye na akiwa na kadi ya ukaazi, amekuwa raia papo hapo kwa sheria ya mwaka 2000, hata kama hana cheti wala pasipoti ya kuonyesha. Vijana wengi wa aina hii wanajidhania bado ni wageni. Wengine wana kadi hiyo ya ukaazi tu na kweli si raia, na hao wanapaswa kuambiwa waziwazi wasijiandikishe, maana kosa hilo linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Makundi yote mawili yanahitaji taarifa sahihi, na hakuna mahali pa kuipata palipo karibu nao kuliko shuleni.

5. Viti saba kwa mtindo wa wilaya nzima

Hili ndilo zito kuliko yote. Kila kiti cha bodi kinapigiwa kura na wilaya nzima, na matokeo yake ni kwamba wadhamini wote saba mnaishi kaskazini mwa barabara kuu. Hatusemi mlichaguliwa kwa hila. Tunasema kwamba mfumo ambao mtaa mmoja wenye wapiga kura wengi unaamua viti vyote hauhitaji hila yoyote ili kuufanya mtaa mwingine usiwe na mtu mezani, miaka nenda miaka rudi.

Sheria ya elimu ya Texas inawapa mamlaka ya kubadili hilo wenyewe. Kwa kifungu cha 11.052 bodi inaweza, baada ya kusikiliza wananchi, kuamua kwamba wadhamini wachaguliwe kwa kata, kila kata na mtu wake. Jirani zenu wa wilaya ya Richardson, kiungani kama sisi, waliendelea na mtindo wa zamani mpaka mjumbe wa zamani wa bodi yao alipoishtaki mwaka 2018. Mwaka 2019 wakamalizana naye kwa makubaliano ya viti vitano vya kata na viwili vya wilaya nzima. Amarillo, mji ambao Wakongo wengi wanaujua kwa sababu ya viwanda vyake vya nyama, ulichukua njia nyingine: tangu 2000 wapiga kura wake wa shule walianza kutumia kura za kulimbikiza, yaani, kukiwa na viti vitatu kila mtu ana kura tatu na anaweza kuzigawa au kumpa mgombea mmoja zote. Njia zote mbili zipo katika sheria, na zote zimejaribiwa hapahapa Texas na watu ambao hawana sifa ya kupenda mageuzi ovyo.

Waheshimiwa, tunazijua sababu mtakazozitoa, kwa kuwa baadhi yake tumekwisha kuambiwa.

Mtasema kwamba Kiswahili hakimo katika lugha ambazo sheria inalazimisha uchaguzi ufanyike. Ni kweli. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1975, kinahusu wenye asili ya lugha ya Kihispania, Waasia, Wahindi wa Marekani na wenyeji wa Alaska. Ndiyo maana kaunti ya Harris, kule Houston, ina karatasi za kura za Kivietinamu na Kichina, ilhali lugha ya Kiafrika, hata ingekuwa na wasemaji wangapi, haiingii katika hesabu. Hilo ni pengo la Bunge la Marekani wala si lenu. Lakini sheria hiyo inaweka kiwango cha chini, na hakuna mstari ndani yake unaomkataza mtu kufanya zaidi. Wilaya hii hutuletea tangazo la chanjo kwa Kiswahili safi kila Agosti. Mnaweza kutuambia kwa lugha hiyohiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha, ambayo ni siku 30 kabla ya uchaguzi.

Mtasema pia kwamba Machi 2025 rais wa Marekani alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Amri hiyo ilifuta amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozihusu taasisi za serikali kuu. Haikufuta sheria iliyotungwa na Bunge kuhusu msaidizi wa mpiga kura, wala sheria ya Texas kuhusu muda wa msemaji, na haikuizuia wilaya yoyote kuzungumza na wazazi wake.

Mtasema kwamba uchaguzi unaendeshwa na kaunti. Kaunti inauendesha kwa mkataba, na mkataba huo unasainiwa na bodi; tangazo la uchaguzi linatolewa na bodi, na matokeo yanathibitishwa na bodi. Anayeweza kutia saini anaweza kuomba kituo kiongezwe na makarani wafundishwe.

Mtasema fedha za umma haziruhusiwi kutumika katika kampeni. Tunakubaliana nanyi kabisa, na hatutaki karatasi ya wilaya inayomsifu mgombea yeyote. Tarehe, mahali, saa na majina ya wagombea kwa mpangilio wa karatasi ya kura si kampeni.

Mwisho mtasema, au angalau mtafikiri, kwamba watu wetu hawajitokezi kupiga kura. Hilo tunalipokea kwa sehemu, kwa sababu wapo kati yetu waliokuwa na nafasi na hawakwenda. Lakini wilaya haiwezi kumzimia mtu kipaza sauti, kumrudisha mlangoni, kumfungia ukumbi wa jirani, kisha ikashangaa kwamba haonekani.

Tunachokiomba ni hiki:

(a) Kanuni ya muda wa wasemaji irekebishwe katika kikao cha kawaida kijacho ili iendane na kifungu cha 551.007, na wilaya itoe mkalimani mtu mzima kwa yeyote anayemwomba mapema.

(b) Mkataba na kaunti wa uchaguzi ujao utaje kwa maandishi mafunzo ya makarani kuhusu kifungu cha 208, na bango la haki hiyo libandikwe kwenye kila kituo kwa lugha zinazozungumzwa majumbani mwa wanafunzi, Kiswahili kikiwamo.

(c) Shule ya msingi iliyo katikati ya majengo yetu iwe kituo cha kura ya mapema, walau siku mbili, mojawapo ikifungwa usiku.

(d) Taarifa ya uchaguzi itumwe kwa Kiswahili kwa simu na kwa karatasi, na mkutano wa wagombea ambao wilaya inautolea ukumbi uwe na mkalimani.

(e) Wakuu wa sekondari waonyeshe kwa maandishi tarehe walizogawa fomu za kujiandikisha mwaka huu.

(f) Bodi iitishe mkutano wa hadhara kuhusu uchaguzi wa kata au kura za kulimbikiza, kabla ya mwisho wa mwaka huu wa masomo, na mkutano huo ufanyike kusini mwa barabara kuu.

Hatuombi asiye raia apige kura. San Francisco iliwaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura za bodi ya shule kwa uamuzi wa wananchi wake wa mwaka 2016, na huo ni uamuzi wa watu wa huko. Texas hairuhusu, na sisi tumewaambia wenzetu hivyo kila jengo.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kikao cha kawaida kijacho. Kuhusu ombi la (e), tumewasilisha pia maombi rasmi chini ya Sheria ya Taarifa za Umma ya Texas, ambayo inawapa siku 10 za kazi. Na kuhusu ombi la (f), sheria inasema kwamba bodi ikikaa kimya wapiga kura wanaweza kulilazimisha suala la kata lifike kwenye sanduku kwa saini za asilimia 15 ya waliojiandikisha, au saini 15,000, kutegemea idadi ipi ni ndogo. Kazi hiyo ni kubwa, na tungependa kuifanya pamoja nanyi kuliko dhidi yenu, lakini fomu za saini zimekwisha kuchapishwa na waliojitolea kugonga milango, wakiwamo baadhi ya majirani zenu wa kaskazini, wamekwisha kugawana mitaa.

Wenu katika malezi ya watoto,

Wazazi na wapiga kura wa majengo ya kusini mwa barabara kuu